Refa Mihayo na Maumivu ya Saa Kumi na Nusu

Igoma walimjua Mihayo kwa kazi mbili. Siku za kazi alikuwa fundi seremala, mtu wa vitanda na milango, mwenye karakana ya mabati pembeni mwa barabara ya Musoma. Jumamosi na Jumapili alasiri alivua koti lake lenye madoa ya gundi, akavaa kaptula nyeusi na soksi za kufika magotini, akawa refa. Urefa ulimpa soda, nauli na matusi, basi. Hata hivyo, kwa miaka kumi na saba hakuna timu iliyowahi kusema Mihayo kala mlungula. Waliomtukana walimtukana kwa penalti, na yeye aliihesabu hiyo kuwa heshima.

Ugonjwa ulimwanza alipotimiza miaka thelathini na minane. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika ndiyo kwanza zimeanza kupiga mabati. Alikuwa anapiga randa ubao wa mninga, mara akahisi kama patasi imesimamishwa nyuma ya jicho lake la kushoto, kisha mtu akaanza kuigonga kwa nyundo. Jicho likamwaga machozi, tundu la pua la upande huohuo likaziba, jasho likamtiririka usoni. Alitaka kukaa, hakuweza. Kulala ndiyo kabisa. Akatoka nje akawa anaizunguka karakana, kichwa amekikamata kwa mikono miwili. Baada ya saa nzima maumivu yakakatika ghafla kama yalivyokuja, akabaki ameegemea mbao, mwili umelegea kama nguo iliyokamuliwa.

Kesho yake, saa kumi na nusu, yakarudi. Keshokutwa, saa kumi na nusu. Usiku nao yalikuja mara moja, akishapitiwa tu na usingizi, mpaka akawa anaogopa kufumba macho. Yakaendelea hivyo majuma tisa, halafu yakakoma, akayasahau. Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, yakarudi.

Katika miaka mitano Mihayo alitibiwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wake. Alimeza dawa za malaria ambayo vipimo havikuiona. Alipewa miwani. Aling'olewa magego mawili ya kushoto, la pili likiwa zima kabisa. Mmoja akamwambia ni pua, mwingine akamwambia ni kipandauso, akalale kwenye chumba chenye giza. Alijaribu kulala gizani, akaishia kupiga kichwa ukutani hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Mganga mmoja upande wa Magu alisema kuna mtu kalifungia jicho lake ndani ya chungu. Mchungaji akamwambia asamehe. Mihayo alimsamehe kila aliyemkumbuka, hata wachezaji waliowahi kumrushia chupa. Masika yaliyofuata, saa kumi na nusu, patasi ilikuwa palepale.

Alichobaki nacho ni ujanja. Kuanzia Machi hadi katikati ya Mei alikataa mechi zote. Alisema ana oda nyingi, ana msiba, ana goti. Aliyejua ukweli ni mkewe tu, Teodora, mshona nguo.

"Baba Pius," alimwambia siku moja, "hilo goti lako linauma kwa msimu kama maembe."

Wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuchoka kuhuzunika.

Mwaka huu ugonjwa ulimwahi. Jumapili ya mwisho ya Februari ilikuwa fainali ya kombe la kata. Mshindi angeondoka na ng'ombe dume, na dume lenyewe lilikuwa limefungwa nyuma ya goli, linakula majani bila habari. Mihayo alikubali kuchezesha kwa kuwa Februari haikuwahi kumgeuka. Mpira ulianza saa kumi kamili. Dakika ya thelathini na mbili, timu bado bila bila, akahisi tundu la kushoto la pua linaziba.

Alijua ana dakika mbili, labda tatu. Akapuliza filimbi, akamwita mshika kibendera, akamkabidhi filimbi na kadi. "Malizia wewe," akamwambia, akaondoka uwanjani bila kutazama nyuma.

Alikwenda hadi ukuta wa vyoo vya shule. Pale maumivu yakampata yote. Alitembea hatua nne huku na hatua nne kule, akapiga magoti, akainuka, akaugonga ukuta kwa paji la uso. Alisikia watu wakimjia kwa nyuma.

"Kalewa huyo!"

"Kanunuliwa, sasa dhamiri inamsuta!"

Akawasihi kwa mkono wamwache. Simu zikainuliwa juu.

Kabla jua halijazama video ilikuwa imeingia kwenye makundi yote ya simu ya Igoma. Dakika mbili na sekunde kumi, na juu yake maneno: REFA KALEWA CHAKARI FAINALI. Mihayo hakuwa ameonja pombe kwa miaka minne, kwa sababu katika msimu wa ugonjwa hata funda moja la bia lilitosha kuiita ile patasi. Jumanne kamati ya marefa wa kata, chini ya mwenyekiti wao Mwalimu Jonathan, mwalimu mstaafu, ikamsimamisha mpaka atoe maelezo.

"Maelezo gani?" Mihayo alimwambia mkewe. "Niwaambie kichwa kiliniuma? Nani hakijawahi kumuuma?"

"Utawapelekea karatasi ya daktari."

"Karatasi za madaktari ninazo debe zima, Mama Pius."

"Huna iliyo ya kweli," Teodora akasema, akaendelea kukata kitambaa.

Jioni hiyo simu ikaita kutoka Sengerema. Alikuwa Rose, dada yake Teodora, mhudumu wa wodi katika hospitali ya huko.

"Shemeji, nimeiona hiyo video."

"Na huko imefika?" Mihayo akauliza kwa aibu.

"Imefika. Mimi walevi nimewaosha miaka kumi na miwili, mlevi namjua. Wewe pale hukuwa mlevi, ulikuwa mgonjwa. Huku kuna daktari mmoja, binti mdogo, anauliza maswali mengi mpaka foleni inanung'unika. Njooni."

Ijumaa asubuhi Mihayo na Teodora walivuka na kivuko cha Kamanga, na saa saba mchana walikuwa wamekaa mbele ya Daktari Safia. Alikuwa na umri ambao Mihayo angeweza kumwita mdogo wake wa mwisho, amevaa hijabu ya kijivu, na kalamu yake ilikuwa tayari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

Mihayo akasimulia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisimulia habari ileile mara nyingi bila faida. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza: "Yanapokuja, huwa unalala au unatembea?"

Mihayo akamtazama Teodora. Miaka mitano, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Siwezi kutulia, daktari. Nikitulia naona kama nitakufa."

"Mwenye kipandauso hutaka giza na kulala," daktari akasema, kama anajisemea. "Upande ni mmoja siku zote?"

"Kushoto. Hayajawahi kwenda kulia."

"Na jicho huwa linakuwaje?"

"Sijui. Sijawahi kujiona."

"Mimi nimemwona," Teodora akasema, akatoa simu kwenye pochi. "Na Igoma nzima imemwona."

"Mama Pius, hapana."

Lakini video ilikuwa imeanza, na sauti za vicheko zikajaa chumba kile kidogo. Mihayo akatazama sakafu. Alisubiri daktari acheke, au ahurumie, maana huruma nayo ilikuwa imemchosha. Daktari Safia aliizima sauti. Akaitazama mpaka mwisho, akairudia, kisha mara ya tatu akaisimamisha na kuukuza uso kwa vidole viwili.

"Njoo uone," akasema. "Kope ya kushoto imeshuka, ya kulia iko sawa. Machozi, jicho moja tu. Na mlevi hupepesuka. Huyu hapepesuki hata kidogo, huyu anakimbia kitu. Nani alipiga hii picha?"

"Mtu wa kunicheka."

"Alitaka kukucheka, ametusaidia. Wagonjwa wa kichwa hunifikia maumivu yakishaisha, wakiwa wazima kama wewe sasa, na mimi nabaki kukisia." Akarudisha simu. "Nadhani najua ni nini. Ila sitakudanganya, baba. Nimeusoma darasani tu, sijawahi kuuona kwa macho yangu. Nipe dakika nimpigie mwalimu wangu."

Akatoka. Walimsikia barazani akiongea, akikubali, akiuliza tena. Aliporudi uso wake ulikuwa umechangamka.

"Ugonjwa wako unaitwa kilasta," akasema. "Ni maumivu ya kichwa yanayokuja kwa mafungu. Yanakupiga majuma kadhaa, kila siku kwa saa yake, kisha yanapumzika miezi, kisha yanarudi. Ni katika maumivu makali kuliko yote ambayo binadamu anaweza kuyapata. Hayatokani na pombe, wala uchawi, wala meno."

Mihayo akapitisha ulimi kwenye pengo la magego yake. Teodora akamwekea mkono mgongoni.

"Sasa ni saa nane," daktari akaendelea. "Yanakuja saa kumi na nusu, siyo? Basi tuyasubiri hapahapa."

Katika kuyasubiri, wakambandika waya kifuani kumpima mapigo ya moyo, maana dawa aliyokusudiwa haipewi mtu kabla moyo haujatazamwa. Moyo ukaonekana mzima. Rose akawaletea chai na mihogo. Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu ikafika, ikapita. Mihayo alikaa ukingoni mwa kitanda anajisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua aliomba maumivu yaje, asije akaonekana mwongo mbele ya binti huyu.

Yakaja saa kumi na dakika arobaini.

"Yameingia," akasema, akasimama.

Muuguzi akaleta ile mirija myembamba ya kuingiza puani. Daktari akakataa. "Hiyo haitoshi. Lete maski yenye mfuko." Akamvalisha mwenyewe, akaifungulia oksijeni kwenye mtungi mpaka kile kigololi ndani ya geji kikapanda kwenye kumi na mbili. "Lita kumi na mbili kwa dakika. Kaa, inama mbele, vuta pumzi ndefu."

"Siwezi kukaa!"

"Basi simama. Lakini maski usiitoe."

Mihayo alivuta pumzi huku akiyumba kutoka mguu hadi mguu, mkono mmoja umeushika ukuta. Dakika tano, nyundo inagonga. Dakika ya sita akajiambia kwamba hii nayo itaongezwa kwenye debe la karatasi. Dakika ya nane akaona kama aliyeshika nyundo amechoka, anagonga kwa vituo. Akakaa kitandani bila kujua kwamba amekaa. Dakika ya kumi na mbili hapakuwa na kitu.

Aliitoa maski taratibu, akabaki ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza nyayo za mwizi aliyeondoka.

"Vipi, Baba Pius?" Teodora akauliza.

"Yamekwenda wapi?"

Akagusa jicho. Akageuza shingo kushoto, kisha kulia. Kwa kawaida wakati huu angekuwa bado na dakika hamsini za kuteseka. Machozi yakamtoka, na safari hii alilia kwa macho yote mawili. Rose aligeukia dirishani. Daktari Safia akaandika saa kwenye faili, akafuta miwani yake kwa pembe ya hijabu, akaandika tena.

Kabla hawajaondoka aliwaeleza yote bila kuwapa ndoto. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu haijapatikana. Unaweza kurudi mwaka kesho. Ila unaweza kufungwa breki. Akampa prednisoloni ya siku chache, ya kuyatuliza haraka wakati dawa kubwa inajipanga mwilini. Dawa kubwa yenyewe ilikuwa verapamili. "Ukienda dukani watakuambia ni ya presha. Usishtuke, huna presha. Itapandishwa polepole, na kila tukiipandisha tunapima moyo. Itakufunga choo, kula papai. Na picha ya kichwa ukapige huko mjini, tuwe na hakika hakuna kingine." Picha ilipopigwa juma lililofuata haikuonyesha kitu. Mwisho akaandika barua mbili, moja kwa kamati ya marefa, nyingine ya kumpatia oksijeni, akazigonga muhuri.

Nyumbani palikuwa na shida moja: oksijeni. Mashine ya zahanati ya jirani ilitoa lita tano tu, na lita tano kwa ugonjwa ule ni sawa na kuzima moto kwa kikombe. Siku mbili Mihayo aliteseka kama zamani, na ilikuwa vigumu zaidi sasa kwa kuwa alishajua nafuu ina ladha gani.

Mbaruku, mchomeleaji wa mageti mwenye karakana ya pili kutoka kwake, alipopata habari akacheka.

"Fundi, unatafuta oksijeni ukiwa jirani yangu? Mtungi huo hapo umesimama!"

Mihayo akampigia daktari papo hapo. Jibu lilikuwa fupi: huo usiuguse. Mtungi wa kuchomelea haujazwi wala hausafishwi kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Mbaruku akajikuna kidevu. "Sawa. Lakini kule ninakojazia mimi kuna mitungi mingine wameitenga, imeandikwa ya hospitali. Nimewahi kuona watu wakija na barua. Leta barua yako twende."

Bei iliwapa wasiwasi, wakaamua kuukodisha badala ya kununua. Siku ileile mtungi ukaletwa kwa guta la Mbaruku la magurudumu matatu, naye mwenyewe akaufunga kwa mnyororo kwenye kona ya sebule, ukasimama wima kama askari. Teodora alilihamishia jiko la mkaa uani na kupiga marufuku kiberiti ndani. Mihayo alitaka mtungi ukae karakanani, Mbaruku akamkatalia: "Penye vanishi na vumbi la mbao? Unataka tuzikwe wote?"

Oksijeni ikawa inayakata maumivu kila yalipokuja, dakika kumi, dakika kumi na tano. Dawa nazo zikaendelea kufanya kazi yake kimyakimya. Siku ya tisa tangu Sengerema, Mihayo alikuwa anapima miguu ya meza alipotupia jicho saa ya ukutani, akaona ni saa kumi na moja kasoro tano. Akaweka chini futi kamba. Akasubiri. Saa kumi na moja na robo Mbaruku akaingia kuazima msumeno, akamkuta ameketi juu ya benchi, mikono mapajani.

"Vipi, yamekuja?"

"Hayajaja."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

"Sijui nifanye nini na huu muda," Mihayo akasema.

Mbaruku akaagiza chai ya tangawizi kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, wakanywa pamoja. Kesho yake pia hayakuja. Keshokutwa yakaja kidogo, kama mtu aliyesahau kofia, yakaondoka. Dozi ikapandishwa, moyo ukapimwa, yakanyamaza.

Mwalimu Jonathan alikwenda mwenyewe karakanani, barua ya daktari mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mzee akavua kofia, akabaki ameishika. "Umefunguliwa, Mihayo. Kamati imekubali. Lakini limenileta jingine. Ile video, mimi niliituma kwenye makundi matatu."

"Najua, Mwalimu. Kundi moja na mimi nimo."

Mzee akainamisha kichwa. "Nisamehe. Miaka kumi na saba nimekujua, na dakika mbili zilitosha kunifanya nikutilie shaka."

"Daktari aliliona jicho langu humohumo kwenye video."

"Hilo haliondoi kosa langu."

"Haliondoi," Mihayo akakubali. Akamvutia kiti kilichokuwa bado hakijapakwa rangi. "Kaa, Mwalimu. Nimekusamehe."

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Igogo, katikati ya Aprili, uwanja umelowa, timu mbili za mtaa. Teodora alishona upya kiuno cha kaptula, maana mumewe alikuwa amepungua. Mbaruku alisisitiza kuuleta mtungi kwa guta na kuusimamisha karibu na kona, akawa anawafukuza wavuta sigara kama mchungaji afukuzavyo fisi. Mtungi haukuguswa. Saa kumi na nusu ilipita wakati Mihayo akikimbia kuifuata kona, matope hadi magotini, na hakukumbuka kutazama saa. Kipindi cha pili alikataa bao kwa kuotea, na upande mzima wa uwanja ukamwita kipofu, mchawi na punda. Bao lilikuwa la kuotea, alikuwa na hakika nalo.

Walirudi Igoma mvua ikianza tena. Teodora aliingia jikoni kule uani kusonga ugali, sato walikwishakaangwa tangu mchana. Aliporudi sebuleni kumwita, alimkuta mumewe amelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi zimejaa tope, anakoroma. Akasimama akimtazama. Masika matano alikuwa hajamwona akisinzia ovyo namna hiyo, bila kuuogopa usingizi kama mtego. Akamvua soksi moja, kisha ya pili, akafunika chakula, akaketi upande wa pili na sindano yake, akaendelea kushona.